Mrithi wa Kiti Kilichofutwa

Mwanangu Aminiel,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Hujambo, umenenepa kidogo, na tangu Baba yako Mdogo aje kutoka Moshi umeanza kukohoa kabla ya kusema, kama mzee mwenye kesi barazani. Mimi nami sijambo. Nimekaa ukumbini na chemli, magharibi imeshaingia, wewe umekwenda Mchafukoge kuaga wenzako, na Baba yako Mdogo Fanueli amejilaza kwenye kitanda chako kwa kuwa changu alikiona kifupi. Anakoroma. Hata akiwa usingizini anataka nyumba nzima ijue yupo.

Ningependa kusema nawe kwa mdomo, na nimejaribu. Kila nikifungua kinywa, yeye anaingia na kuniambia nimwache kijana, kijana ana mambo makubwa kichwani, na wewe unatazama dari kana kwamba hayo mambo makubwa yameandikwa huko juu. Basi naandika. Barua hii nitaitia ndani ya kiatu kipya alichokununulia, maana najua asubuhi hutagusa kitu kingine kabla ya hicho. Isome kabla hujatoka chumbani.

Habari za sweta, za baridi ya mlimani na za kutokula hovyo njiani atakupa mama yako, na atazirudia mpaka basi liondoke. Mimi nataka kukueleza kazi unayokwenda kuifanya. Niliifanya kabla yako, na ni kazi ya kipumbavu.

Tuanze na kesho, ili usije ukasema hukuelewa. Kabla ya kwenda stendi, watu wa ukoo wetu walioko mjini watakusanyika hapa ukumbini. Fanueli amewaalika wote, hata wale ambao juzi tu alikuwa akiwaita walevi. Mbege, pombe yetu, imepikwa na yule mama wa Ilala, ndizi na ulezi, na kwa jinsi ulezi ulivyoadimika siku hizi sijui ameutoa wapi. Mimi, kwa kuwa ndimi mtoto wa kwanza wa marehemu Mangi, chifu wetu wa mlimani, nitaimimina kwenye kata, nitaonja kwanza mbele ya wote kama desturi yetu inavyotaka, kisha nitakupa. Ukinywa, nimekukabidhi. Hapo umekuwa mrithi wa nyumba ya Mangi na hakuna wa kukurudisha. Bila kata kutoka mkononi mwangu hawawezi kukuchukua, na ndiyo sababu Fanueli amevumilia maharage yetu wiki nzima bila kulalamika.

Mrithi wa nini? Hilo hujamuuliza. Serikali ilifuta uchifu kabla hata sijamjua mama yako. Kiti hakipo. Kile chenyewe cha mbao, nasikia kuna mtu anakikalia akikamua ng'ombe, na ng'ombe hajalalamika. Kilichobaki ni kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba na kahawa, na serikali ya kijiji inataka kulipima na kuwagawia wasio na ardhi. Fanueli anataka kuwaambia kwamba nyumba ina mwenyewe. Yeye wazee hawamtaki, kwa sababu ni mtoto wa katikati, na kwetu anayesimama mbele ni wa kwanza. Mimi nimekataa miaka yote. Kwa hiyo ametafuta mwili wenye damu inayofaa, akaukalishe mbele, yeye awe nyuma yake anasema. Kwako anadai amekuchagua kwa akili zako. Hizo akili hajaziuliza swali hata moja tangu afike.

Na mtazame anavyomtendea mama yako. Nilipomwoa, Mmwera wa Lindi, muuza nazi, ukoo mzima haukutuma hata kuku. Miaka yote hii jina lake kule mlimani lilikuwa "yule wa pwani". Wiki hii Fanueli anamwita Mama Mangi, anamvika kilemba cha ukoka kila asubuhi, naye mama yako, Mungu amzidishie subira, anamjibu kwa kumwongezea chai. Usidhani hajui. Jana alinitazama juu ya birika, na mimi nikatazama pembeni, kwa kuwa nilikuwa bado sijajua la kufanya.

Sasa nikupe habari za Rumi.

Nilipopelekwa shule ya misheni, mwalimu wetu, mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliamua kwamba mtoto wa Mangi hawezi kusoma habari za nyuki na samadi kama wenzake. Alinipa Rumi. Alikuwa na kitabu kinene, na jioni, wenzangu wakipalilia bustani ya misheni, alinisomea habari za kijana mmoja wa ukoo wa watawala wa Rumi ya kale, mjukuu wa mfalme wa dunia yote. Ndivyo walivyojiita, wafalme wa dunia yote, ingawa huku kwetu mlimani hatukupata kusikia hata mmoja amepita. Jina la kijana sikuandikii. Lilikuwa ndilo la babu yake, maana watu wale waligawiana majina kama viatu vya duka la ushirika, saizi moja kwa wote.

Babu hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti, na binti akazaa wavulana. Sikiliza alivyofanya. Alimnunua mjukuu kutoka kwa baba yake mzazi. Sikutungii fumbo. Ilikuwa sheria yao. Mizani iliwekwa nyumbani, babu akaigusa kwa sarafu ya shaba kama mtu anayenunua mbuzi, na baba wa mtoto, jemadari aliyeshinda vita vya baharini na vya nchi kavu, akasimama pale akaitikia. Mwalimu alinisomea hayo kwa sauti ya heshima, na mimi nikaona ni jambo tukufu. Nilikimbia nyumbani kumuuliza mama yangu kama nami nilinunuliwa. Aliposema hapana nilinuna siku nzima.

Basi kijana akalelewa na mfalme. Babu alimfundisha kusoma yeye mwenyewe, akamfundisha hata kuiga mwandiko wake. Hakutaka mjukuu awe na mwandiko mwingine. Mezani alimkalisha miguuni pake, safarini alimtanguliza mbele ya gari lake ili watu wamwone. Alipofika miaka kumi na mitano walimpa ngao na mikuki ya fedha, wakamwita mkuu wa vijana wote, wakamwekea cheo ambacho watu wazima walikisubiri mpaka mvi. Hakuwa amefanya lolote. Alikuwa amebalehe tu, jambo ambalo hata beberu hulifanya bila kupigiwa makofi.

Hayo ndiyo maisha niliyoishi, kwa kipimo cha mlimani. Sikupewa ngao ya fedha. Nilivishwa ngozi za mbega zilizonuka moshi na kuniwasha shingo. Wazee wa rika la baba yangu walinivulia kofia. Shikamoo sikuijua, kwa sababu wote waliniamkia wao kwanza. Tukicheza mpira, mlinda mlango alijiangusha upande wa pili makusudi ili nifunge, na mimi nikaamini najua mpira. Niliamini hivyo mpaka siku nilipojitia kucheza Mnazi Mmoja na vijana wa Kariakoo, wakaninyang'anya mpira wakipiga miayo.

Wala sikunywa kitu kisichoonjwa. Kwetu kila anayemimina pombe huonja kwanza, ni adabu ya kila nyumba. Nyumbani kwa Mangi ilipita adabu. Nilionjewa uji, nilionjewa maziwa, nilionjewa maji yaliyotoka mferejini mbele ya macho yangu. Mwalimu aliniambia hata kule Rumi nyumba ya mfalme ilikuwa na watu wa kuonja chakula, nikavimba kichwa zaidi. Ukiwa mtoto unadhani unapendwa. Hufikiri kwamba kuonjewa maana yake karibu nawe wapo watu wanaokuchekea ambao inasadikiwa wanaweza kukuua.

Nilikuwa bado mdogo siku niliyoona kata ikikataliwa. Kulikuwa na karamu, na ami yangu, mdogo wake Mangi, ndiye aliyekuwa akimimina. Alikuwa mtu mcheshi, aliyejua kuchonga filimbi, na nyingi alinichongea mimi. Akamimina, akaonja, akamnyoshea baba yangu kwa mikono miwili. Baba akaitazama kata, akasema, "Sinywi." Akairudisha. Ngoma zilikatika, wala hakuna aliyezikatiza. Kila mtu alijua maana yake. Kukataa kata iliyokwisha kuonjwa ni kumwambia mwenzako mbele ya watu kwamba ametia sumu, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kujikinga kwa dawa ndipo akaonja. Hakuna neno baya zaidi ya hilo katika ukoo wetu, na halina kesi wala rufaa.

Kuanzia siku ile hakuna aliyekula wala kunywa kwa ami. Watu walipita mbali na mlango wake. Kabla ya mavuno alikwisha kuhamia tambarare na wake zake, na alipokufa hawakumrudisha. Unajua kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba chake, chini ya migomba ya baba zake. Yeye walimfukia huko huko vumbini, na jina lake halikutajwa tena.

Nilipokua nilimuuliza baba yangu kama kweli kata ile ilikuwa na sumu. Alinijibu bila hata kuinua macho.

"Sijui. Watu walikuwa wameanza kumpenda."

Huyo ndiye babu yako, yule ambaye Fanueli ametundika picha yake juu ya kitanda chako ili uige kidevu chake. Nilikuona juzi mbele ya kioo ukijaribu. Kidevu chako ni cha mama yako, mwanangu, hakitaki kuinuliwa hivyo.

Tangazo lilipotoka redioni kwamba machifu hawapo tena, baba yangu aliamuru redio itolewe nje, kama mtu aliyekosa adabu. Kisha akanituma huku Dar nikamwone mkubwa mmoja serikalini, nikamkumbushe sisi ni akina nani. Nilikaa kwenye benchi na watu wenye vidonda na watu wenye mashauri ya ng'ombe. Yule mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu, rudi nyumbani ukalime." Ndugu. Nilitazama huku na huku nimpate wa kumwadhibu. Nikaona haya kurudi mlimani bila jibu, na haya hiyo ndiyo iliyonifanya mtu wa mjini. Sikuchagua chochote, usije ukamsikia mtu akisema nilichagua.

Jamaa mmoja alinipa meza ya vitunguu hapa sokoni Kariakoo. Mimi nilidhani nimepewa wilaya. Nilikaa nyuma ya vitunguu vile, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, nikingoja wanunuzi waniamkie. Sikuita mteja, kwani mtoto wa Mangi hapazi sauti. Sikuvigeuza vitunguu, kwani kuna watu wa kugeuza. Aliyesimama bila kusalimu nilimtazama kwa dharau mpaka akaondoka, na wote waliondoka. Vitunguu vikaota majani. Vingine vikaoza vikaanza kutiririka, na mimi bado nimekaa pale na heshima yangu, inzi wananizunguka.

Meza ya jirani kulikuwa na msichana wa Lindi anauza nazi. Alinivumilia kwa muda. Siku moja akanigeukia, akasema kwa sauti iliyofika kwa wauza samaki, "Kaka, hivyo vitunguu unaviuza au unavitawala?"

Soko lilicheka. Wapagazi waliweka mizigo chini ili wacheke vizuri. Kwa hasira nilingoja mtu aje amwadhibu, na kwa mara ya pili katika mji huu hakuja mtu. Badala yake yule msichana akavuka, akapekua vitunguu kwa mikono yake, akatupa vilivyooza, akaanza kuniitia wateja kana kwamba mali ni yake. Jioni nilijaribu kuita mwenyewe. Sauti ilinitoka nyembamba, ya kuchekesha. Alicheka tena, lakini safari hii nilicheka naye. Ni yeye aliyenifundisha shikamoo, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Alinisukuma mgongoni mbele ya mzee muuza kahawa, akanibana mpaka neno likatoka, na yule mzee akasema marahaba kwa upole sana, kama anayemjibu mtoto mgeni. Sijui kama nimewahi kuona raha kama ile. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimempa mtu kitu.

Haya yote hukuwahi kuyasikia, na hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani dharau yangu inatosha kukukinga. Kila ukoo ulipotajwa nilisonya nikageuza mazungumzo, nikaona nimemaliza kazi. Wewe ukabaki na njaa ya kujua unakotoka, ukiwa na baba asiyejibu, na Fanueli akaja na sahani iliyojaa. Ningekuwa wewe nami ningekula.

Lakini sikiliza jambo jingine. Mwaka jana ulipoanza kazi kwa fundi redio, uliileta hapa redio ya jirani iliyokufa. Uliifungua juu ya meza hii ninayoandikia, ukachomelea nyaya zake kwa chuma ulichokipasha kwenye jiko la mama yako. Sauti ilipotoka, wenzako walishangilia. Wewe hukucheka. Ulilaza sikio ukasikiliza kama bado inakwaruza, na ilikuwa inakwaruza, ukaifungua upya. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuonea fahari mpaka nikaona haya, nikatoka nje nikijifanya natafuta viatu. Katika ukoo wetu wote wa ngozi za mbega, sikumbuki mtu aliyefungua upya kitu ambacho watu walikwisha kukishangilia.

Tangu Fanueli afike hujakanyaga kule. Amekuambia mtoto wa Mangi hashiki nyaya za watu. Yule fundi alinipitia sokoni, akaniambia nafasi yako haijachukuliwa, kisha akaniuliza kama unaumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nimalizie habari za Rumi. Mwisho wake mwalimu hakunisomea. Tulikomea pale kijana alipotumwa mashariki na jeshi, amezungukwa na washauri, kila mmoja ana lake, na watu wamekwisha kumtungia sifa za ushindi kabla hajashinda. Mwisho niliukuta mwenyewe, miaka mingi baadaye, hapa Kariakoo, kitabu cha namna ile kilipofika sokoni kufungia karanga. Siku ile nilinunua karanga nyingi kuliko tumbo langu, nikazimwaga kwenye kapu la mama yako, nikakaa kusoma vifungio.

Alifika kwenye ngome moja ya mbali. Mkuu wa ngome akamwita waongee, akampa karatasi aisome, na alipokuwa ameinamia kusoma akampiga upanga. Hakufa palepale. Kidonda kilikauka nje, yeye akazidi kunyauka ndani. Ndipo akamwandikia babu yake. Aliomba aachiwe. Aliomba aweke chini vyeo vyote, akae huko huko mbali kama mtu wa kawaida, asiyetangulizwa mbele ya gari la mtu. Na barua hiyo, mwanangu, nadhani aliiandika kwa mwandiko wa babu yake, maana mwingine hakufundishwa.

Babu alisikitika sana. Wakubwa husikitika vizuri. Akajibu, njoo kwanza nyumbani, tutazungumza. Kijana akatii, akapanda merikebu, akafia njiani katika mji mdogo ambao hakuwa na kazi nao. Hakuwa amefika hata miaka ishirini na mitano. Mdogo wake, aliyenunuliwa pamoja naye, alikwisha kufa kabla yake. Kiti alikuja kukikalia mtoto wa mke wa babu, mtu mzima mwenye uso mchungu ambaye hakuna aliyekuwa akimtaka. Watu wakanong'ona habari za sumu. Mimi sijui. Naona nyumba kama zile zilijua kuua kijana hata bila sumu.

Nilisoma ukurasa ule wenye mafuta ya karanga mpaka ukachanika. Kijana yule hakukosea kutaka kuacha. Alikosea kuomba ruhusa. Aliyemwomba ndiye yule yule aliyekuwa amemnunua.

Kwa hiyo usiniombe ruhusa, wala usimwombe Fanueli. Yeye atakuambia hivyohivyo, twende kwanza, tutazungumza huko. Na mimi sitamwaga mbege, sitajifanya mgonjwa, sitakufungia mlango. Nimeyafikiria hayo yote leo mchana nikiwa sokoni. Yote ni mambo ya kutawala, ni ya baba yangu, ya mtu mmoja kuamua mwenzake atakuwa nani. Nikikunyima kata mimi, Fanueli atasubiri nife apate mwingine wa kukumiminia, na wewe utabaki unaamini nilikunyima kitu kikubwa.

Nitamimina. Nitaonja. Nitakunyoshea kwa mikono miwili.

Ukitaka, unywe. Sitasema neno. Nitakuja mlimani kukuona, nitakaa kwenye benchi la wageni, na wewe utakapotoka nitakuamkia mimi kwanza, kama desturi ya nyumba hiyo inavyotaka baba amwamkie mwanawe aliye kwenye kiti. Nimeshajaribu neno hilo mdomoni. Ni chungu, lakini nitaliweza.

Usipotaka, njia ni moja, nawe umekwisha kuijua. Sema hutaki. Rudisha kata niliyokwisha kuionja. Watu wote ukumbini watajua umenishuku sumu mimi baba yako, na mtoto aliyemshuku baba yake hawezi kusimamishwa kuwa mrithi, si sasa wala baadaye, hata Fanueli alie machozi ya damu. Hatakuwa na mwili wa kuweka mbele. Utakuwa huru na sisi sote. Basi la Moshi bado lipo. Panda, nenda kamwone bibi yako, ule ndizi, utazame mlima kama mgeni anavyoutazama, kisha urudi kwa fundi wako.

Najua utakachofikiria. Utafikiria yatakayonipata. Ni kweli, hawatakula tena kwangu, na nikifa hawatanipeleka mlimani. Nitazikwa hapa Dar, mchangani, kati ya watu nisiojua baba zao. Ami yangu alilala tambarare na hajarudi kulalamika. Mama yako atakuwa karibu, na wauza vitunguu watakuja kwa wingi, wakipiga kelele kama kawaida yao. Kihamba wapewe wasio na ardhi. Wao angalau watakilima.

Kitakachokushinda kesho ni uso wangu. Unanijua sina uso wa kuigiza, na nikikunyoshea kata huenda midomo ikanitetemeka, utanihurumia, na kwa huruma utakunywa. Usinitazame. Tazama mikono yangu. Imebeba magunia miaka mingi, haitetemeki. Kisha useme, "Sinywi, baba," na useme kwa nguvu, mama yako asikie mpaka uani. Hakuna neno utakalowahi kunipa litakalonifurahisha kama tusi hilo.

Nimesikia mlango wa mbele, umerudi. Nafunga.

Ni mimi, baba yako, hata baada ya kesho.